Farasi Wawili na Jino Moja

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekubali jambo haraka mno, na tangu hapo sina raha.

Daktari alitukuta karakanani saa saba kasoro, mimi nikimkabidhi shemeji zamu. Ratiba mpya inaanza Aprili. Wote wawili tumeomba asubuhi. Mafundi wa meno bandia tuko wawili tu, meza moja, dirisha moja. Daktari akasema hataki kesi ya familia ofisini kwake. Malizaneni wenyewe, mwisho wa mwezi mniletee jina moja. Akatoka.

Shemeji akacheka. Akanyoosha kidole kwenye ubao wetu wa chesi pale rafuni. "Basi huo uamue, shemeji. Mchezo huohuo unaoendelea. Nikikufunga, asubuhi ni yangu. Nisipokufunga mpaka mwezi uishe, asubuhi inabaki yako."

Nilikubali hata hajafunga mdomo! Maana ana nini pale? Mfalme na farasi wawili. Mimi nina mfalme na askari mmoja. Na anayejua chesi anajua: farasi wawili peke yao hawawezi kumlazimisha mfalme afungwe. Utamkimbiza, utamsukuma pembeni, lakini mwisho wake ni sare. Baba watoto alinifundisha hilo kabla hata hatujaoana.

Sasa niko kitandani najiuliza. Shemeji anajua hilo kuliko mimi. Mtu mwenye akili timamu anaahidi vipi kushinda mchezo usioshindika?

Ana lake jambo.

Jumanne, 5 Machi

Nimeiangalia meza yote leo kabla ya kugusa kazi. Droo zangu ziko sawa. Nta iko sawa. Ubao uko sawa, ila farasi wake mmoja kamweka juu ya mstari, nusu huku nusu kule. Wiki iliyopita alifanya hivyohivyo. Kesho akija kuniambia alikuwa mraba mwingine, nitasemaje?

Ubao wenyewe ni kigae cheupe nilichokichora miraba miaka saba iliyopita. Miraba myeusi imepakwa rangi, myeupe ni kigae kitupu. Vipande vyake ni vya plasta ya njano, vyangu ni vya ile pinki tunayotengenezea fizi. Kila zamu hatua moja: yeye anacheza mchana, mimi asubuhi, na unaacha tone la nta pale ulipotoka ili mwenzio ajue. Hatuandiki popote. Tuligombana mara moja kuhusu hatua ya juzi, tukawekeana sheria: kilichopo ubaoni ndicho kilichopo. Hakuna kesi za jana.

Askari wangu huyu wa mwisho si wa pinki. Wa pinki alipotea zamani, nikaweka jino la akiba, lile la nyuma ya chonge, nikalisugua chini likae wima. Kajino keupe, ka rangi ya kwanza kabisa katika kipimo cha rangi za meno, ile nyeupe kuliko zote. Wanakuja wagonjwa wanacheka.

Nimesogeza mfalme wangu. Farasi nimemsukuma kwa kucha mpaka katikati ya mraba wake. Tuone atasema nini.

Alhamisi, 7 Machi

Hajasema kitu. Ndicho kinachonitisha.

Dada amekuja leo kama kila siku kukaa na baba watoto hadi nirudi. Dada ndiye mke wa shemeji, tumbo moja na mimi. Tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza, kwa sauti ile ya mtu anayejifanya hajali: hivi rangi za meno mnachagulia dirishani tu, au hata taa inatosha? Nikamwambia dirishani, mwanga wa asubuhi, taa inadanganya. Akasuuza sahani. Kisha akauliza tena: na mtu akikosea, mgonjwa anajua?

Tangu lini dada akaulizia rangi za meno? Miaka yote hii hata jina la kazi yangu analikosea.

Ametumwa. Najua ametumwa. Sasa nina ubao mwingine hapa nyumbani ninaofanyia mazoezi. Leo nimeufunika na kitambaa kabla hajaingia.

Jumamosi, 9 Machi

Dada wa mapokezi hana siri, Mungu ambariki. Kanitonya kwamba daktari anatafuta msimamizi wa karakana. Na daktari huja asubuhi tu, saa saba anaondoka!

Basi, nimeelewa. Si magoti yake yanayouma, si utulivu wa asubuhi, kama anavyosema. Anataka kuonwa. Ndiyo maana kaleta taa ya pili kutoka nyumbani kwake na kuifunga mezani, kila anayepita anasifu bidii yake. Ndiyo maana kadi za kazi anamwomba dada wa mapokezi amsomee kwa sauti, kama bosi na katibu wake. Msimamizi hata hajatajwa, yeye keshaanza kuketi.

Na mimi? Zamu ya mchana ikiwa yangu, baba watoto nani atampeleka mazoezi ya viungo hospitalini? Nafasi waliyotupa ni saa tisa, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na walisema wazi hawana nyingine. Dada mgongo wake hauwezi kumwinua. Tangu kiharusi ni miezi kumi na moja. Mwezi uliopita alisimama mwenyewe akihesabu hadi kumi na nne. Nililia pale pale mbele ya watu. Sitaacha. Wanifukuze, sitaacha.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji hamli askari wangu.

Nimeliona leo. Farasi mmoja yuko mbele ya askari, kamzuia tu, kamkalia njia. Mara mbili alikuwa na nafasi ya kumla. Bure kabisa! Hakumla. Huyo mwingine pamoja na mfalme wake wananisukuma kwenye pembe.

Nilimuuliza wakati wa kupokezana, kwa utani: shemeji, askari wangu umemwogopa? Akasema hana haja naye, amwache apumzike. Akainama juu ya ubao mpaka pua ikakaribia kugusa vipande. Anapenda vituko, ili nihisi ananichimba.

Machale yamenicheza siku nzima.

Jumatano, 13 Machi

Nimewasha taa tena kuandika hili.

Tumerudi mazoezini saa kumi na moja. Baba watoto amechoka lakini hataki kulala, akaelekeza mkono wa kushoto kwenye kitambaa. Nikafunua ubao. Nikampangia mchezo wetu kama ulivyo, nikamwambia awe mwanyumba wake, yaani shemeji, awe na farasi wawili. Nilitaka tu kumchangamsha.

Kwanza akamtoa askari wangu ubaoni. Tukacheza. Akanibana pembeni hadi mfalme wangu akakosa pa kwenda, lakini hakuna aliyekuwa akimtishia. Sina hatua. Sare. Nikacheka: si uliniambia mwenyewe? Akatikisa kichwa. Akarudisha vipande, na safari hii akamrudisha na askari.

Tukacheza tena. Akanibana vilevile, pembe ileile. Mfalme wangu hana pa kwenda. Lakini sasa farasi aliyekuwa anamzuia askari akaondoka pale. Na mimi nina hatua: askari anaweza kutembea. Na kwa kuwa anaweza, sina budi atembee! Sheria ni sheria, huwezi kupita zamu yako. Nikamsogeza. Farasi akaruka. Nikamsogeza tena. Farasi akaruka mara ya pili, na mfalme wangu amekufa.

"As... kari," akasema baba watoto. Akamgonga kwa kidole. "Huyu. Ana... kuua."

Neno refu kuliko yote aliyoyasema mwaka huu, na ni hilo.

Nilimfikiria askari yule kama tegemeo langu! Kumbe bila yeye ningekuwa salama. Hana faida ila kunilazimisha kutembea wakati kukaa kimya kungeniokoa. Na shemeji alijua tangu siku ya kwanza. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku anacheka, na mimi nikaitikia kama mtoto.

Tumehesabu na baba watoto. Hatua kumi na moja, akicheza sawasawa. Siku za kazi zilizobaki ni kumi na tano.

Ijumaa, 15 Machi

Nimejaribu kumtoa sadaka. Haiwezekani, kila ninapomtegea farasi amle, farasi anakwepa. Mchezo gani huu, unamwomba adui akuibie naye anakataa!

Mvua tangu asubuhi, giza dirishani. Kazi ya mwalimu mstaafu wa hesabu nimemwachia shemeji: meno ya chini, ayapange kwenye nta, mwenyewe aje kuyajaribu Jumatano. Nimemwandikia rangi kwenye kadi kwa herufi kubwa. Rangi ya tatu na nusu, ya njano iliyokolea. Mwalimu amekunywa chai nyeusi miaka arobaini, meno yake hayana siri.

Jumamosi, 16 Machi

Askari hayupo!

Nimefika saa moja, nimewasha taa, nimeangalia ubao kabla ya kuvua hata mtandio. Mfalme wangu yupo. Farasi wake wote wawili wapo. Tone la nta linaonyesha aliyesogea ni mfalme wake. Mraba wa askari wangu ni mweupe mtupu. Hakuliwa, hakuna kipande juu yake. Hayupo tu.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Naandika ukweli, hii si barua ya mtu. Kilichopo ubaoni ndicho kilichopo! Farasi wawili, mfalme mtupu, sare. Nilisogeza mfalme wangu nikadondosha nta yangu, nikaanza kazi nikiimba.

Kisha nikaanza kuwaza. Nani? Mfagiaji haruhusiwi kugusa rafu. Shemeji hawezi, askari yule ni silaha yake. Basi ni mtego. Amemficha ili nishangilie, halafu amtoe mfukoni mbele ya daktari.

Saa saba akaingia. Akavuta ubao chini ya taa yake. Akapitisha kidole juu ya kigae, mraba hadi mraba.

"Shemeji, askari wako yuko wapi?"

"Si wewe uliyekuwa wa mwisho hapa?"

"Nilimwacha."

"Basi kaondoka mwenyewe."

Akaniinulia macho. "Mumeo amekufundisha. Umejua."

"Nimejua nini? Nani anaiba askari wake mwenyewe?"

"Anayejua kuwa anamuua," akasema. Taratibu kabisa, kama mtu anayesoma kadi.

Anadhani ni mimi! Mimi! Nilitoka bila kuaga.

Jumatatu, 18 Machi

Dada hakuja. Ametuma ujumbe kwamba ana mafua. Miaka yote anakuja na mafua yake, leo ndiyo ameona atatuambukiza. Nimemwomba jirani akae na baba watoto, nikachelewa robo saa.

Ubaoni hakuna hatua mpya. Hajacheza. Kuna karatasi kaibandika rafuni kwa nta, maandishi makubwa kama ya bango: NASUBIRI ASKARI.

Na asubiri. Sina kitu cha kumpa, na hata ningekuwa nacho nisingempa.

Lakini inaniuma. Tumefanya kazi meza moja miaka kumi na saba. Mume wangu alipoanguka, mtu aliyembeba mgongoni hadi barabarani ni huyuhuyu. Sasa kaniita mwizi kwa karatasi moja, na mimi nimemwita tapeli kila ukurasa wa daftari hili.

Jumanne, 19 Machi

Nimempata.

Nilikuwa nakagua kazi zinazotoka kesho. Nikainua ile ya mwalimu, meno ya chini kwenye nta, nikaipeleka dirishani kama kawaida. Nikaona kitu kinang'aa kama taa. Sijui niseme vipi. Meno yote ya rangi ya chai, na katikati yao upande wa kulia, moja jeupe pe! Mtoto wa darasa la kwanza angeliona. Nikapasha kisu, nikalichomoa. Chini limesuguliwa bapa.

Askari wangu. Karibu aende kutafuna mkate kinywani kwa mwalimu wa hesabu!

Nilicheka peke yangu hadi nikakaa. Kisha nikaangalia kadi ya kazi. Ijumaa, zamu ya mchana, sahihi ya shemeji. Nikapiga magoti nikapapasa chini ya meza. Jino halisi lilikuwa pale nyuma ya mguu wa kiti, la rangi ya tatu na nusu. Lilimdondoka. Akalitafuta kwa vidole mezani, ubao uko papo hapo chini ya taa, akaokota lililokuwa karibu.

Cheko likakatika.

Taa ya pili. Kadi za kusomewa. Farasi juu ya mistari. Pua kwenye ubao. Maandishi ya bango. Dada na maswali yake ya rangi na dirisha. Ee Mungu, dada! Hakutumwa. Alikuwa anaogopa.

Hahitaji usimamizi. Anahitaji dirisha. Haoni, na hataki daktari ajue, maana fundi wa meno asiyeona rangi anafanya nini hapa? Anapewa mkono wa kwaheri.

Ndivyo nilivyoamini kutwa nzima. Jioni hii moyo umeanza kunisumbua kwa jambo lingine. Vidole vyake vina miaka ishirini na sita kwenye meno. Macho yanaweza kumdanganya, sawa. Vidole je? Jino lililosuguliwa bapa, vidole vile vinalijua gizani. Je, alijua? Alimtoa askari mwenyewe ili iwe sare, asubuhi ibaki yangu, baba watoto aende mazoezini, na mimi nisiwe na deni la kumshukuru? Halafu akanituhumu ili nisishuku?

Au naona wema kwa kuwa wema utanirahisishia?

Sijamwambia baba watoto. Nimempigia dada simu, haikupokelewa.

Jumatano, 20 Machi

Naandika stoo, nyuma ya kadi ya kazi. Nitaibandika daftarini nikifika nyumbani.

Asubuhi nimelipanga jino la mwalimu lililo sahihi. Amekuja, amejaribu, ametabasamu kwenye kioo, ameondoka ameridhika. Hakuna atakayejua.

Kisha nimemrudisha askari mahali pake. Mraba uleule, mkono wangu mwenyewe. Nimesimama pale nikijua hatua zilizobaki ni chache na siku zinatosha. Nilisema moyoni: acha anifunge, achukue dirisha lake, mimi nitamlilia daktari wa mazoezi anipe saa nyingine, nitalala mlangoni kwake ikibidi. Niliogopa, lakini nilijisikia mwepesi.

Saa saba shemeji akaingia, na daktari nyuma yake, karatasi ya ratiba mkononi. Anasafiri kesho, hawezi kusubiri mwisho wa mwezi. Nani asubuhi?

Shemeji akasema, ngoja tuone ubao. Akauvuta chini ya taa. Nikangoja aseme, ahaa, amerudi. Jino jeupe, kigae cheupe. Akainama. Akapitisha kidole, lakini safari hii juu juu, hakugusa, na sijui kama kidole kilipita mbele au nyuma ya askari. Akanyooka.

"Farasi wawili na mfalme mtupu," akasema. "Askari hakurudi, shemeji. Hapo hakuna mtu wa kufungwa. Sare."

Akaninyooshea mkono. Uso wake mkavu kabisa. Nimeutazama uso ule miaka kumi na saba na sikuweza kuusoma.

Askari yuko pale! Sentimita tano kutoka kidole chake!

Nikisema "yuko pale, huoni?" nimesema mbele ya daktari. Neno moja hilo, na ajira yake imeisha leo. Nikinyamaza, asubuhi ni yangu, naye anarudi kwenye taa zake mbili kupanga meno ya watu kwa kubahatisha, na mimi ndiye niliyemfungia huko. Na kama ameona? Kama ameona na ameamua, mimi ni nani nimrudishie zawadi yake?

Nikasema mikono yangu ina plasta, ngoja ninawe. Nikaingia humu.

Maji yanamwagika bure kwenye sinki. Nje daktari anauliza kwani kuna nini, aandike au asiandike. Ninasikia kiti kikivutwa. Ninasikia shemeji akimtajia jina la kuandika, herufi kwa herufi, bila haraka.

Ni langu.